Ngazi, Moja

Siku ya kuhesabu mali duka halifungwi,
maana Langoni ukifunga mlango mchana
watu huja kutoa pole.
Basi nahesabu huku nauza:
kufuli za shaba kumi na saba,
kumi na sita, moja imekwenda na mtoto wa Kupi;
misumari ya inchi mbili, kilo tisa na konzi;
bawaba jozi arubaini, tatu zina kutu;
rangi ya kijani makopo manne,
nyeupe hakuna, Shaabani imekomba yote.

Kijana wa benki amekaa juu ya gunia la saruji,
viatu vyake bado vina maji ya boti.
Anasoma daftari la baba kwa kidole.
"Na hii? Ngazi, moja. Elfu tatu na mia tano.
Mwaka huu ipo. Mwaka jana ipo.
Tangu kitabu kianze, ipo."
Akainua macho mpaka darini.
"Iko wapi?"

Mara ya mwisho kuiona mimi
ilikuwa Ijumaa, ikienda kwa Mwanahalima wa tambi.
Wawili wameichukua, mmoja mbele, mmoja nyuma,
Usita wa Mui wote umejibandika ukutani.
"Simila! Simila, ngazi!"
Punda wa mchanga akarudishwa kinyumenyume hadi kwa sonara,
fundi wa viatu akakunja miguu,
na penye kona kila mwenye duka akatoka kuwa rubani:
"Inua! Kulia! Si kulia kwako, kulia kwangu!"
Ile kona ina mkwaruzo wa ngazi yetu.
Kila mwaka hupakwa chokaa,
kila mwaka hurudi.

Baba aliitengeneza iuzwe.
Boriti mbili za mkoko, vipawa kumi na kimoja,
bei kwa rangi nyekundu ubavuni.
Siku ile ile akaja Bwana Twalibu, taa ya mlangoni imekufa:
"Niazime, nikishuka naileta."
Hakuileta yeye. Aliileta jirani wa jirani yake,
baada ya miezi miwili na harusi tatu.
Baba akacheka, akaandika: ipo.

Nikamwachia Zuhura mizani, nikatoka.

Kwa Mwanahalima: imekwenda Gadeni,
kwa wanaoezua makuti.
Gadeni: "Yeo? Yana! Wameitwaa wa madrasa, feni yao."
Madrasa feni inazunguka, ngazi hakuna,
ila mwalimu ananionyesha kipawa cha tano, kimevunjika,
vipande viwili amevitunza juu ya kabati kama amana.
"Tumetia kingine. Fundi Bwanaadi hakutaka pesa.
Usimwambie baba yako."
Baba ana miaka sita mchangani,
na aliyemsomea talkini ni yeye, mwalimu huyu.
Sikumsahihisha.

Nikaikuta Mkomani, ukutani kwa Bi Sauda.
Yuko juu mwenyewe, buibui limefungwa kiunoni,
anatoa kiota cha kunguru kwenye mfereji wa paa.
Chini watoto wanne wameishika miguu ya ngazi,
hawacheki, hawasemi.
Katika bei imebaki tatu peke yake, na nusu ya sifuri.
Kipawa cha tano ni cha mti mwingine,
cheupe, kama jino jipya.
"Waitaka?" akaniuliza kutoka juu,
kunguru wawili wakimzomea.
"La. Napita tu."

Nikarudi. Kijana amekunywa kahawa ya watu wawili
na Zuhura amemuuzia komeo asilo na mlango wake.
"Ipo?"
"Ipo."
"Dukani au ghalani?"
Safu ya mahali katika fomu yake
ni nyembamba kuliko kichochoro chetu.
Nikamwambia aandike Mkomani,
kwa kalamu ya risasi.

Hajafika kwenye herufi ya mwisho,
Shee Famau huyo mlangoni,
anataka nusu kilo ya inchi tatu.
"Na ngazi je?"
"Iko kwa Bi Sauda. Mngoje ashuke."

Kijana wa benki akapekua mkoba wake
kutafuta ufutio.